Kumwendea Mheshimiwa kwa Suala la Dawa za Kulevya: Mwongozo kwa Wakazi wa Pwani ya Kenya

Mwezi wa Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, katika kaunti yake, na siku chache baadaye magavana wa Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Wazazi wengi wa Pwani walifurahi. Hata hivyo, kabla mwezi huo haujakwisha, Rais alikuwa ametangaza kwamba amri hizo hazina nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria za taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ilikuwa imezisimamisha kwa muda. Sina nia ya kuyafufua mabishano hayo. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo kila anayetaka kubadilisha sera ya dawa za kulevya anapaswa kuyajua kabla hajabisha mlango wa kiongozi yeyote. La kwanza ni kwamba kiongozi wa kuchaguliwa akisikia kilio cha wazazi huitikia, tena upesi kuliko tunavyomdhania. La pili ni kwamba ukimpelekea kilio pasipo ombi, atajichagulia mwenyewe la kufanya, na mara nyingi atachagua marufuku, kwa sababu marufuku hutangazwa kwa siku moja, haihitaji fungu la bajeti, na ikianguka mahakamani lawama humwendea mwingine.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaotaka mageuzi ya namna nyingine: kwamba kijana aliyenaswa na unga, yaani heroini, atibiwe badala ya kuzungushwa baina ya maskani ya watumiaji, kituo cha polisi na gereza la Shimo la Tewa, kwamba methadoni, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa heroini, ipatikane kila siku bila kukatika, na kwamba sheria iache kumhesabu mtumiaji na mfanyabiashara wa kilo nyingi kuwa watu wa kapu moja. Wanaoyataka hayo ni wengi kuliko wanaoyasema hadharani, na wengi wao ni akina mama. Shida yao kubwa, kwa kadiri nilivyoona, haikuwa kukosa hoja. Walikuwa wakimpelekea kiongozi jambo ambalo halimo mikononi mwake.

Nani ameshika nini

Katiba ya mwaka 2010 iligawa madaraka, na katika suala hili mgawanyo huo umekaa vibaya kidogo, kwa maana mgonjwa mmoja ana serikali mbili. Sheria ya jinai inayomhusu, yaani Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, hutungwa na kurekebishwa Nairobi. Polisi wanaomkamata ni wa serikali ya taifa. Lakini zahanati, hospitali ya kaunti, muuguzi anayempimia dawa na dirisha analopokelea dozi vimo chini ya kaunti, na Jedwali la Nne la Katiba, katika sehemu inayoorodhesha kazi za kaunti, linataja waziwazi udhibiti wa dawa za kulevya. Mwakilishi wadi anayekuambia kwamba "hayo ni mambo ya serikali kuu" amesoma nusu tu ya Jedwali. Nenda nalo, limechapishwa, na umwonyeshe kifungu cha 13 cha sehemu ya pili kwa adabu.

Nilipata kufuatana na ujumbe wa watu tisa kwenda kumwona mwakilishi wadi mmoja. Tulikuwa na waraka wa kurasa kumi na nne, na ombi letu kuu lilikuwa kwamba adhabu ya kupatikana na dawa kidogo ipunguzwe. Mheshimiwa alitusikiliza kwa heshima, akatuagizia soda, akasema anatuunga mkono kwa asilimia mia moja, na hakuna lililotokea baada ya hapo, kwa kuwa hapakuwa na lolote ambalo angeweza kulifanya. Bunge la kaunti haliwezi kugusa kifungu hata kimoja cha sheria ile. Tulitoka tukiwa na furaha, nalo ndilo kosa letu. Uungaji mkono usiogharimu chochote hutolewa kwa ukarimu sana.

Kwa hiyo gawa madai yako kabla hujaomba miadi. Kwa mwakilishi wadi na kamati ya afya ya bunge la kaunti, omba yale yanayolipwa na kusimamiwa na kaunti: wauguzi wa kliniki ya methadoni wawekwe katika orodha ya mishahara ya kaunti, kituo cha pili cha kunywea dawa kifunguliwe karibu na watu, naloksoni iwepo katika vyumba vya dharura kwa ajili ya waliozidisha dozi. Kwa mbunge, omba marekebisho ya sheria. Hapo usiseme "sheria ibadilishwe" ukaishia hapo, taja kifungu. Kifungu cha 5 cha sheria ya mwaka 1994 kinafanya kosa la jinai kuvuta, kunusa au kutumia dawa ya kulevya kwa njia nyingine yoyote, kukutwa bila sababu halali katika nyumba wanamokusanyika wavutaji, na hata kuwa na kiko au chombo cha kutumia dawa hizo. Adhabu yake ni faini ya shilingi 250,000, au kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote viwili. Kifungu cha 58 kinairuhusu mahakama kuagiza sehemu ya kifungo cha mraibu itumikiwe katika kituo cha urekebishaji, lakini hayo huja baada ya mtu kutiwa hatiani, wakati jina lake limekwisha kuandikwa katika kumbukumbu za wahalifu. Dai linaloeleweka, na ambalo mbunge anaweza kulikabidhi kwa mwandishi wa miswada, ni kwamba njia ya matibabu ifunguliwe kabla ya hukumu. Sheria hiyo si msahafu. Ilirekebishwa mwaka 2022, na marekebisho hayo yalipunguza adhabu ya mtu anayeithibitishia mahakama kwamba bangi aliyokutwa nayo ni ya matumizi yake mwenyewe tu. Aliyewahi kubadilisha kifungu kimoja anaweza kuombwa abadilishe kingine.

Seneta husahauliwa, na si haki. Seneti husimamia matumizi ya fedha zinazopelekwa kwenye kaunti, na mswada unaogusa kazi za kaunti, afya ikiwemo, hupitia mabunge yote mawili. Maspika ndio wanaoamua kwa pamoja kama mswada unazihusu kaunti. Kwa suala lililokalia kiti cha afya na kiti cha usalama kwa wakati mmoja, Seneti ndiyo mahali ambapo vyote viwili vinaweza kuulizwa katika kikao kimoja. Gavana naye, mbali na hospitali, amepewa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 uenyekiti wa mamlaka ya polisi ya kaunti, chombo ambacho wananchi wengi hawajawahi kukisikia. Kama tatizo lenu ni askari wanaowasubiri wagonjwa nje ya lango la kliniki, muulize gavana mamlaka hiyo iliketi lini mara ya mwisho.

Ombi moja, na tarehe yake

Ukishajua nani ameshika nini, chagua ombi moja kwa kila kiongozi. Najua inauma kuyaacha mengine. Lakini kiongozi aliyepewa madai saba hulitimiza lile jepesi, kwa kawaida semina ya vijana, kisha akahesabu deni limelipwa.

Ombi la kaunti lina msimu wake kama kilimo. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Na bajeti hupitishwa kabla mwaka wa fedha haujaisha tarehe 30 Juni. Wananchi wengi huamka mwezi wa Mei, makadirio yalipokwisha chapishwa, na wakati huo mwakilishi wadi anaweza tu kuhamisha fedha kutoka fungu jingine, jambo ambalo litamgombanisha na mwenzake wa wadi ya pili. Ukimwona Agosti, kabla mpango wa mwaka haujaandikwa, hujamgombanisha na mtu. Bunge la Kaunti ya Mombasa lina wadi 30 na la Kilifi lina wadi 35. Huhitaji kuwashawishi wote, bali wajumbe wa kamati ya afya, mwenyekiti wa kamati ya bajeti, na mwakilishi wa wadi yenyewe ambako kituo kitajengwa, kwa sababu huyo wa mwisho akikataa, wenzake watamheshimu.

Kuna sababu ya kulisukuma suala la bajeti kuliko mengine kwa sasa. Kliniki za methadoni nchini kwa miaka mingi zimeegemea fedha za wafadhili, hasa Marekani, na serikali ya nchi hiyo iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, kila aliyekuwa akinywa dozi ya kila siku aliona jinsi uhai wake ulivyofungwa kwenye uamuzi wa mtu asiyemjua. Methadoni si panado ya kusema utainunua kesho. Mgonjwa akikosa siku mbili tatu, arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa, inarudi, na inaporudi mtu hurudi alikotoka. Maelezo hayo mafupi kiongozi huyaelewa mara moja, kwa kuwa anajua fika maana ya kutegemea fedha za mwingine.

Ushahidi unaobebeka

Kiongozi hasomi kurasa kumi na nne. Andaa ukurasa mmoja, wenye tatizo katika wadi au eneo bunge lake, ombi lako, gharama yake na anayeweza kulitekeleza. Takwimu zitoke kwa mwenye nazo: andikia hospitali ya kaunti au idara ya afya kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotaka ofisi ya umma iamue ombi lako ndani ya siku 21, na uulize ni wagonjwa wangapi waliosajiliwa katika kliniki, wangapi wameacha, na wangapi wanatoka wadi fulani. Usiombe majina, wala usiyapokee ukipewa. Takwimu ya wadi yake ina uzito kwa mheshimiwa kuliko ya dunia nzima.

Za taifa na za nchi nyingine zinasaidia pale anaposema kwamba mnataka kufanya majaribio kwa watoto wa watu. Mwambie kwamba Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwamba majirani zetu wa Tanzania walianza kuitoa Hospitali ya Muhimbili Februari 2011. Kwamba Kenya ilifuata Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, na mapema mwaka 2015 Malindi, kabla ya Kisauni na Kombani. Mwambie pia kwamba utafiti uliofanywa nchini mwanzoni mwa muongo wa 2010 ulikadiria kuwa takriban asilimia 18 ya watu wanaojidunga wanaishi na virusi vya Ukimwi, kiwango ambacho ni mara tatu hivi ya kile cha watu wazima kwa jumla, na kwamba virusi havibaki maskani. Huenda nyumbani kwa wake na waume.

Baada ya takwimu, mpeleke akaone. Ziara ya asubuhi moja katika kliniki, saa ambayo wagonjwa wanakunywa dozi zao, hufanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Kiongozi hutarajia kuona vurugu, naye hukuta foleni ya watu waliooga, baadhi yao wakiwa na sare za kazi, kila mmoja akinywa kikombe chake mbele ya muuguzi na kuondoka. Omba idhini ya msimamizi wa kliniki mapema, wala usije na kamera. Mwandishi wa habari wa mheshimiwa abaki getini. Jambo hili likubaliwe kabla ya siku ya ziara, kwa sababu siku yenyewe hutaweza kumzuia.

Mazungumzo yenyewe

Mwakilishi wadi hupatikana kwa urahisi zaidi ya mbunge, lakini si kila anapopatikana ni mahali pa kuzungumzia jambo hili. Mazishini na harusini utapata ahadi tu. Omba miadi katika ofisi ya wadi, kwa barua fupi inayotaja mada, na umjue msaidizi wake kwa jina, kwa kuwa ndiye anayepanga shajara na ndiye atakayekumbuka ahadi baada ya mheshimiwa kusahau.

Waende watu wanne au watano. Awepo mzazi mkazi wa wadi hiyo na mpiga kura wake, mhudumu wa afya anayeweza kujibu maswali ya dawa, kiongozi wa dini ikiwezekana, na mtu aliyepona au aliye katika matibabu. Hapo pana hadhari kubwa. Kwa kuwa kutumia dawa za kulevya ni kosa kisheria, mtu anayesimama mbele ya hadhara na kusema kwamba bado anatumia anajitia hatiani kwa kinywa chake mwenyewe. Aseme habari za jana na za matibabu, asiseme za leo asubuhi. Na kama hataki kusema lolote, kuwapo kwake kunatosha. Asasi zilizofanya kazi hii kwa muda mrefu Pwani, kama vile Omari Project ya Malindi au MEWA na Reachout ya Mombasa, zina uzoefu wa kuwaandaa watu kuzungumza, na si vibaya kuwaomba ushauri.

Lugha ichaguliwe. Neno "teja" limezoeleka mno hata baadhi ya wagonjwa hujiita hivyo, lakini ukilitumia mbele ya kiongozi unampa ruhusa ya kuwaona watu hao kama takataka ya mtaa. Sema mgonjwa, mraibu, au mtoto wetu. Usitumie pia maneno ya semina, kama "kupunguza madhara", kabla hujaeleza kinachopunguzwa. Mzee mmoja wa mtaa, baada ya kusikia neno hilo mara sita katika baraza, aliuliza kama madhara hayo hayawezi kuondolewa yote kwa mara moja. Swali lake lilikuwa la haki, na aliyekuwa akizungumza hakuwa na jibu la Kiswahili.

Jiandaeni kwa pingamizi tatu, kwa kuwa ndizo zinazorudi daima. Ya kwanza ni kwamba methadoni ni kumhamisha mtu kutoka dawa moja kwenda nyingine. Msikatae kwamba ni dawa inayozoewa na mwili. Mkikataa, atawashika uongo. Elezeni kwamba hunywewa kwa kipimo, mbele ya muuguzi, mara moja kwa siku, haidungwi, na haimlevyi aliyepimiwa sawasawa, na kwamba aliyeinywa asubuhi haamki usiku kutafuta cha kuiba. Ya pili inahusu sindano safi wanazogawiwa wanaojidunga ili wasichangie. Mpango huo ulipoanza nchini karibu mwaka 2012, baadhi ya viongozi wa dini na wakazi wa Pwani waliupinga hadharani, na nionavyo mimi sehemu ya upinzani ule ilitokana na watu kuona sindano kabla ya kusikia maelezo. Kwa hiyo kama ombi lenu linahusu sindano, nendeni misikitini na makanisani kwanza, muwasikilize maimamu na wachungaji bila haraka, kisha ndipo mwende kwa mheshimiwa, kwa kuwa atakachouliza mwanzo ni "viongozi wa dini wanasemaje?" na mkiwa hamna jibu, mkutano umekwisha.

Pingamizi ya tatu haisemwi mezani. Husemwa mkiwa mmesimama mlangoni: "Wapiga kura wangu watanimaliza." Hofu hiyo isidharauliwe. Mwaka 2022 mgombea urais aliyejipambanua kwa bangi alijaza viwanja na mitandao, lakini akapata chini ya asilimia moja ya kura, na wanasiasa wanalikumbuka somo hilo vizuri. Tenganisheni ombi lenu na habari ya kuhalalisha bangi, hata kama baadhi yenu mnaiunga mkono. Ni mjadala mwingine, wenye watu wengine. Kisha mpeni mheshimiwa maneno atakayoyasema kwa wapiga kura. Asiseme "nimewatetea watumiaji". Aseme "nimeleta matibabu karibu na nyumbani ili akina mama wapumzike kuwatafuta wana wao vituoni". Kama mnaweza kumletea akina mama thelathini wa kusimama nyuma yake siku atakayoyasema, hofu yake itapungua kuliko kwa hoja yoyote.

Jambo moja la fedha. Baadhi ya viongozi, mkutano ukiisha, huwapa wageni wao "nauli". Ikataeni kwa upole, mkisema kwamba mlijipanga. Ujumbe uliopokea nauli huhesabiwa kuwa umelipwa, na mkirudi mara ya pili mtaonekana mmefuata nauli. Kwa upande wa pili, akitokea msaidizi anayedokeza kwamba ombi litasonga haraka likipata "chai", jueni kwamba Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 humshika mtoaji sawa na mpokeaji.

Ombi rasmi

Mazungumzo yakikwama, au hata yakienda vizuri, andikeni ombi rasmi. Katiba, katika Ibara ya 119, inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo katika mamlaka yake, likiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inatoa haki kama hiyo kwa bunge la kaunti. Hakuna haja ya wakili. Hakuna haja ya Kiingereza pia: Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge, na sheria ya mwaka 2012 inayoongoza utaratibu wa maombi inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, kwa mkono au kwa kupigwa chapa. Nimeona ombi lililoandikwa kwa Kiingereza cha kukopa likizua maswali ambayo wenyewe walioliandika hawakuweza kuyajibu mbele ya kamati.

Maombi mengi hurudishwa kwa makosa madogo, hivyo fuateni masharti kwa makini. Lugha iwe ya heshima. Maandishi yasiwe na mafuto wala maneno yaliyochomekwa katikati ya mistari. Mada iandikwe juu ya kila karatasi kama karatasi ni zaidi ya moja. Elezeni ni ofisi gani mliyoiendea kabla ya kuja bungeni na ilijibu nini. Hapa ndipo barua zenu kwa idara ya afya, zilizogongwa muhuri wa kupokelewa, zinapoanza kulipa. Semeni kama jambo hilo liko mahakamani au la. Malizieni kwa ombi lenyewe, kwa maneno yasiyo na utata: "Tunaliomba Bunge lirekebishe kifungu cha 5 ili..." Msiambatishe barua, viapo wala picha kwenye ombi, wekeni ushahidi wenu kando kwa ajili ya siku ya kamati. Saini au dole gumba viwekwe moja kwa moja kwenye karatasi ya ombi, wala si kwenye karatasi nyingine itakayobandikwa.

Kila anayetia saini ataandika jina, anwani na nambari ya kitambulisho, na ombi likishawasilishwa linakuwa waraka wa umma. Kwa ombi la shule au barabara hilo halina madhara. Kwa ombi hili, msimwombe mtu ambaye bado anatumia dawa atie saini, hata akitaka mwenyewe kwa moyo wote, mpaka ameelezwa kwamba jina lake litasomwa na asiowajua. Saini za wazazi, wauguzi, walimu wa madrasa na waliokwisha kupona zinatosha. Wingi wa saini hauna kima kilichowekwa. Hata mtu mmoja anaweza kuomba.

Ombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge husika, ambaye kwa Bunge la taifa analo jukumu la kulikagua ndani ya siku saba. Kisha huwasilishwa na mbunge kwa niaba yenu au kutangazwa na Spika. Nashauri mumtafute mbunge wa kuliwasilisha, kwa sababu anayelisimamisha bungeni kwa kinywa chake huona haya kulitelekeza baadaye. Katika Seneti, kamati inayokabidhiwa ombi inatakiwa kumjibu mwombaji kwa taarifa ndani ya siku 60 tangu ombi liliposomwa. Mwaka 2017 mwananchi mmoja alipeleka Seneti ombi la kuhalalisha bangi na akaitwa mbele ya kamati ya afya kujieleza. Sheria haikubadilika, lakini jambo ambalo watu walilinong'ona likaingia katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, kwa maneno yake mwenyewe.

Mkiitwa mbele ya kamati

Mtakuwa na dakika chache. Anayesoma waraka wote neno kwa neno huzimaliza katika utangulizi. Anzeni na ombi, kisha sababu mbili, kisha mwacheni mzazi aseme. Wajumbe watauliza maswali ya gharama, na asiyejua jibu aseme atalileta kwa maandishi kufikia siku fulani, kisha alilete siku hiyo. Kamati huendeshwa na makarani. Nambari ya simu ya karani wa kamati ni ya thamani kuliko ya mwenyekiti, kwa kuwa yeye ndiye anayeandika rasimu ya taarifa, na sentensi iliyo wazi katika waraka wenu ina nafasi nzuri ya kuingia humo kama ilivyo.

Taarifa ikitoka, ombeni nakala ya Hansadi ya siku ilipojadiliwa na muisome kwa makini: nani alisema nini, na waziri au idara gani iliagizwa kufanya nini, kufikia lini. Wiki hiyo hiyo waandikieni wote waliotajwa. Mshukuruni kwa barua kila aliyesimama upande wenu, na nakala moja ya barua hiyo ibandikwe kwenye ubao wa tangazo wa wadi au isomwe katika baraza, ili shukrani hiyo isikike kwa wapiga kura wake.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na miezi ya mwisho kabla ya siku hiyo haifai kuanzisha jambo jipya bungeni, kwa maana viongozi watakuwa mashinani na miswada isiyokamilika hufa pamoja na muhula wa Bunge. Kipindi hicho kinafaa kwa kitu kimoja: kuwauliza wagombea wote wa wadi, wakiwa jukwaa moja, swali lile lile kuhusu kliniki, na kuandika majibu yao. Wengi wa waliowasikiliza hawatarudi, na anayeingia hatakuta faili lenu mezani. Msaidizi wa mheshimiwa aliyeondoka huondoka na makaratasi au huyaacha kwenye boksi lisilofunguliwa tena. Basi kila barua, kila jibu, kila taarifa ya kamati, na kila nakala yenye muhuri ihifadhiwe na nyinyi wenyewe, seti mbili katika nyumba mbili tofauti, na moja ya seti hizo iwe tayari kupelekwa kwa karani wa bunge jipya wiki ambayo wajumbe wa kamati ya afya watatangazwa.